Kila swali na jibu lake: ninavyojibu barua pepe kwa Mutt

Mtu akikuandikia barua yenye maswali manne, nawe ukamwandikia "nimekuelewa, tutaangalia", hujamjibu. Umempokea tu. Nalisema hili kwa sababu barua ninazojibu mimi ni za karafuu, na karafuu ni fedha, na fedha ya shamba la urithi ina wenyewe wengi.

Babu yetu aliacha mikarafuu upande wa Mtambile, huku kusini mwa Pemba. Wenye haki yao leo wametawanyika. Ami yangu yupo Maskati, dada yangu Dar es Salaam, watoto wa ami mwengine wapo Uingereza. Mimi ndiye niliyebaki Chake Chake, kwa hivyo uchumaji nausimamia mimi na hesabu naiandika mimi. Salamu, picha za harusi na habari za misiba zinapita WhatsApp kama kwa watu wote. Hesabu hatuziweki huko. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu huwezi kutafuta ndani yake neno "makonyo", yaani vile vikonyo vya karafuu, baada ya miezi sita, lakini barua pepe utaifungua, utalitafuta, na utaliona pamoja na tarehe yake na jina la aliyelisema.

Barua hizi nazijibu kwa Mutt. Ni programu ya barua pepe inayofanya kazi ndani ya terminali, yaani lile dirisha la kuandika amri: hakuna vitufe vya kugusa, hakuna rangi za kukuvutia, ni maandishi na kibodi tu. Iliandikwa na Michael Elkins, ikatoka 1995, na mpaka leo ipo watu wanaitunza. Aliyeniwekea ni mtoto wa kaka yangu, anayesomea mambo ya kompyuta, pale laptopu yangu kuukuu ilipoanza kulemewa hata kufungua ukurasa mmoja wa intaneti. Akaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, akaweka Mutt, akanionyesha herufi tano sita za kuanzia. Zilizobaki nimezisoma mwenyewe kwenye mwongozo wake, usiku hadi usiku, kwa sababu niliona kitu ambacho kwenye simu sikuwahi kukipata: programu inayonisimamisha kabla ya kujibu.

Nieleze ninavyofanya. Barua imefunguka mbele yangu. Nikibonyeza r, jibu linakwenda kwa aliyeandika peke yake. Nikibonyeza g, linakwenda kwa wote waliotajwa kwenye barua ile, wa juu na wa nakala. Hapohapo Mutt inaniandikia chini ya skrini anwani ya anayepelekewa na kusubiri nikubali. Kisha inaniletea kichwa cha habari, nacho nakikubali au nakibadilisha. Ikiwa aliyeandika ameomba majibu yaende kwenye anwani nyengine, inaniuliza kwanza kama ndivyo ninavyotaka. Baada ya hapo ndiyo inafungua pa kuandikia, na mimi nimeiamrisha ionyeshe majina ya wapelekewa juu ya maandishi, ili nikiandika niwe ninayaona. Nikimaliza na kufunga, haitumi. Inaleta ukurasa wa mwisho wenye jina langu, majina ya wote watakaopata, kichwa cha habari na viambatanisho, na hapo inangoja nibonyeze y. Ina maana jina la mtu limepita mbele ya macho yangu mara tatu kabla ya barua kuondoka.

Mtoto wa kaka huwa ananambia, "Shangazi, si ujibu tu kwenye simu ukamaliza?" Nami humwambia, "Mwanangu, simu inanimalizia mbio. Mimi nataka nimalize sawasawa."

Tofauti ya r na g katika familia si jambo dogo. Ami anaweza kuandika kwa watu saba akauliza mambo ya shamba, na ndani yake akauliza kuhusu jamaa mmoja aliyekopa fedha za wachumaji. Jibu la shamba ni la watu saba. Jibu la mkopo ni la ami peke yake, kwa sababu yule jamaa ana heshima yake na watoto wake wamo kwenye orodha ileile. Basi naandika mawili: moja kwa g, jengine kwa r. Nimeshuhudia ndugu wa familia jirani wakinuniana msimu mzima kwa neno moja lililokusudiwa masikio mawili likafika kwa ukoo mzima.

Na hapa anayetumia ile programu ya zamani zaidi, mailx, awe na tahadhari. Asili yake ni programu aliyoiandika Kurt Shoens 1978 kwa ajili ya Unix ya Berkeley, mfumo wa kompyuta wa chuo kikuu cha huko Marekani, na kwa kawaida yake r ndogo ndiyo inayojibu wote, na R kubwa ndiyo inayomjibu mwandishi peke yake. Kinyume kabisa na mtu anavyodhani. Juu ya hayo kuna mpangilio uitwao flipr unaozigeuza, na baadhi ya mashine huwa umeshawashwa. Ukikaa mbele ya mashine ya mtu mwengine, jitumie barua ya majaribio kwanza.

Sasa maandishi yenyewe. Mutt ikikubali kuiweka barua ya mwanzo ndani ya jibu, kila mstari wa mwenzako inautangulizia alama ya >. Hapo ndipo ilipo kazi, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Huliachi furushi zima likaning'inia chini ya jibu lako. Unalichambua, kama tunavyochambua karafuu jioni baada ya kuchuma: karafuu huku, makonyo kule. Salamu zake nazifuta, kwa sababu nitamsalimu mwenyewe. Habari za hali ya hewa ya Maskati nazifuta. Majibu ya barua za nyuma yaliyojirundika mkiani nayafuta kwa mkupuo. Kwenye Vim, programu ninayoandikia ndani ya Mutt, unasimama pale unapotaka kukata na kubonyeza dG, kila kilicho chini kinaondoka. Yanabaki maswali. Chini ya kila swali naacha mstari mtupu, naandika jibu, naacha mstari mwengine.

Barua ya karibuni kwa ami ilikuwa hivi, nimeondoa tu yasiyowahusu wasomaji:

Ami, assalaam alaykum. Sote wazima, bibi anakusalimu. Majibu nimeyaweka chini ya kila swali lako, tafadhali teremka nayo mpaka mwisho.

> Wachumaji mwaka huu wanalipwa kwa siku au kwa pishi?

Kwa pishi, kama zamani. Zinapimwa mbichi, jioni, hapohapo shambani, na kila mtu anashuhudia kipimo chake.

> Makonyo mnayafanya nini?

Hayatupwi. Yanaanikwa kwenye jamvi lake mbali na karafuu, halafu yanauzwa ZSTC (shirika la biashara la serikali ya Zanzibar). Ndiyo yanayokamuliwa mafuta kiwandani Wawi.

> Fundi wa ngazi kalipwa?

Nusu. Nusu ya pili anapewa akishaleta ngazi mbili zilizobaki.

> Na paa la nyumba ya bibi?

Hilo nitaliandikia barua yake mbali, kwa sababu linawahusu na wengine.

Ule mstari wa juu, wa kumwambia ateremke, haukuja bure. Ami anasoma kwenye simu, na simu imemzoesha kuona jibu lote juu na takataka chini. Mtu mzima kama yeye akifungua barua akaona maneno yake mwenyewe yanamrudia, anaweza kudhani hakuna jipya akafunga. Adabu ni kumwonyesha njia. Wapo wanaosema mtindo wa kujibu katikati ya maswali umepitwa na wakati, eti watu wote sasa wanajibu juu. Kwa barua ya "nimefika salama" sina ugomvi nao, jibu juu mstari mmoja na yaishe. Kwa barua ya hesabu sikubali. Ukijibu juu kwa aya moja ndefu, swali la fundi wa ngazi litapotea katikati, na mwakani mtu atauliza kwa nini hakulipwa, na hakuna atakayeona kwamba liliulizwa na halikujibiwa. Ukijibu chini ya kila swali, lisilo na jibu linajionyesha lenyewe: kuna mstari wenye > na chini yake patupu. Siwezi kuituma barua nikiwa naona patupu pale.

Tarehe nayo ina maana yake. Juu ya maneno ya ami Mutt inaweka mstari wa kueleza nani aliandika na lini. Kwa kawaida mstari huo ni wa Kiingereza, lakini unabadilishwa kwa kuandika sentensi moja kwenye faili la mipangilio, nami nimeuandika kwa Kiswahili. Ndani yake unachagua: ukitumia %d inaweka saa ya kule alikokuwa mwandishi, ukitumia %D inaigeuza iwe saa ya hapa. Maskati wametutangulia saa moja, na Uingereza wanabadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka. Nimechagua %D. Barua zote za shamba zinasimama kwa saa ya Pemba, na anayetaka kujua nini kilitangulia nini hapati taabu.

Lile jambo la paa la nyumba ya bibi linanipeleka kwenye kitu ambacho wengi hawakioni kwa sababu kimefichwa. Kila barua pepe hubeba namba yake ya utambulisho, inaitwa Message-ID. Ukijibu, barua yako inabeba mstari wa In-Reply-To wenye namba ya ile unayoijibu, na mstari wa References wenye mlolongo wa zilizotangulia. Utaratibu huu umo kwenye nyaraka za kanuni za intaneti ziitwazo RFC: umo kwenye RFC 822 ya 1982 na umebaki kwenye RFC 5322 ya 2008. Ndiyo sababu mimi natumia Mutt, ami simu, watoto wa ami kivinjari, na mazungumzo yetu yote yanajipanga katika uzi mmoja, jibu chini ya jibu.

Uzi huu unataka kutunzwa. Jambo likiwa ni lilelile, jibu. Usifungue barua mpya. Jambo likiwa jengine, usilidandishe kwenye uzi wa zamani kwa kubadilisha kichwa cha habari tu, maana ile mistari iliyofichwa bado inalivuta kule. Mimi hufanya hivi: nabonyeza g kwenye barua ya ami ili nipate majina ya wote bila kuyaandika upya, kisha nikiwa ninaandika naufuta mstari wa In-Reply-To uliopo juu. Mutt ikiona umeondoka, na References haiweki. Paa la bibi linaanza uzi wake. Na ndugu akiwa ameandika barua mpya mahali alipopaswa kujibu, naweka alama ya t kwenye barua hiyo iliyopotea, nasimama kwenye barua iliyopaswa kuwa mzazi wake, nabonyeza &, zinaunganishwa. Iliyochanganyika kwa makosa naitenga kwa #. Msimu ukimalizika, nyuzi zangu zimetengana: uchumaji, mauzo, ngazi, paa. Dada yangu anapouliza habari ya mwaka jana namtafutia uzi, namsomea kwenye simu.

Viambatanisho. Risiti za mauzo nazipiga picha na kuziambatanisha. Hapa pana mambo mawili. Moja, picha haiendi kama ilivyo. Inageuzwa kuwa herufi kwa njia iitwayo base64, ambapo kila baiti tatu zinakuwa herufi nne, kwa hivyo picha ya megabaiti tatu inakula bando la megabaiti nne. Nazipunguza kwanza. Jibu nalo halibebi viambatanisho vya barua unayoijibu, linabeba maneno yake tu, na hilo ni jema: anayetaka risiti ya zamani arudi kwenye barua yake, hakuna haja ya kuipitisha baharini kila mara.

La pili ni kusahau kuambatanisha, jambo linalomtokea kila mwandishi wa barua duniani. Mutt ina mpangilio wa kutazama maandishi yako kabla ya kutuma: ikikuta neno ulilolitaja na haioni faili lolote, inakuuliza. Neno lililokuja nalo ni la Kiingereza, halinisaidii. Nimeweka "ambat". Kipande hicho kimo ndani ya nimeambatanisha, kiambatanisho, zimeambatishwa na ndugu zao wote, kwa hivyo hata niandikeje inanidaka.

Kitu kilichonifunga kabisa na njia hii ni mtandao wa shambani. Msimu ukipamba moto nashinda Mtambile na wachumaji. Simu inashika ukisogea barabarani. Chini ya mikarafuu ni ya kubahatisha. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010, na siku ukikatika kwa muda mrefu, na mnara nao unadhoofika. Kwa hivyo asubuhi kabla sijatoka mjini naiendesha mbsync, inateremsha barua zote kwenye diski ya laptopu. Mchana, watu wakiwa wamepumzika baada ya adhuhuri, nafungua Mutt bila mtandao wowote. Barua zimo, nyuzi zimo, natafuta, najibu, nabonyeza y. Jibu linapokewa na msmtpq, inayokuja pamoja na msmtp, programu ya kutuma barua, inaliweka kwenye foleni. Jioni nikirudi Chake foleni inatoka yote kwa pamoja. Mtu wa Maskati hajui kwamba jibu lake liliandikwa saa nane mchana juu ya gunia, na hana haja ya kujua. Anachokiona ni kwamba kila alichouliza kimejibiwa na mtu aliyekuwa amekaa palepale anapopaulizia. Kwenye simu ningeandika kwa haraka, nikikimbizana na alama ya mtandao kabla haijapotea. Utulivu ule wa kujua kwamba barua haipotei, na kwamba haiondoki mpaka niseme, ndio unaonifanya niandike jibu kamili.

Barua zilizopambwa kwa rangi na majedwali, kama zile za benki, Mutt yenyewe haizifungui vizuri. Nimeiambia izipitishe kwa w3m, kivinjari cha ndani ya terminali, inayozigeuza kuwa maandishi matupu, na nikijibu maandishi hayohayo ndiyo yanayoingia na alama ya >. Haipendezi kila mara. Jedwali pana hukatikakatika, na hapo naikubali simu.

Mtoto wa kaka ameniomba mistari ninayotumia, ili amwekee na mama yake. Inakaa kwenye faili liitwalo .muttrc:

set include=yes
set edit_headers=yes
set date_format="%d %B %Y, %H:%M"
set attribution="Tarehe %D, %n aliandika:"
set attribution_locale="sw_TZ.UTF-8"
set abort_noattach=ask-yes
set abort_noattach_regexp="ambat"
set sort=threads

Mstari wa sw_TZ unafanya majina ya miezi yatoke kwa Kiswahili, ilimradi lugha hiyo imewekwa kwenye mashine. Upo na mpangilio uitwao fast_reply, unaoruka yale maswali ya mwanzo ya anwani na kichwa cha habari. Huo sikuuweka, na mama yake nitamwomba asiuweke.